Gari Lililonyamaza

Pale Mwanga, hapa Kigoma mjini, wananiita Fundi Kimya. Sikujipa jina hilo. Walinipa wenye magari, kwa sababu gari likiingia kwangu linalia na likitoka halilii. Kuna watu walikuwa wanatoka Ujiji na Kibirizi, wanapita gereji nne za wenzangu, ili waje kwangu. Nami nilimshukuru Mungu kwa hilo kila asubuhi kabla ya kufungua sanduku la spana. Nilidhani ni kipaji.

Jina langu la ubatizo ni Ignas. Kazi nilifundishwa Ujiji na marehemu Mzee Selestini, mtu mpole, mcha Mungu, ambaye hakunidanganya hata siku moja katika jambo alilolijua. Yeye ndiye aliyenipa chupa. Alinionyesha mawese mekundu ndani yake akasema, "Ignas, chuma na mpira vikikutana vikavu vitagombana. Vipatanishe kwanza." Tangu siku hiyo, miaka ishirini na miwili, sikufunga bushi bila mawese. Kwetu hayakosekani. Tunapikia, tunapaka bawaba za milango, tunamkanda mtoto mwenye mafua. Nani angefikiri kwamba yanaweza kudhuru?

Kwa asiyejua, bushi ni kitu kidogo. Gurudumu la mbele limeshikwa na mkono wa chuma, na mkono huo umeungana na mwili wa gari kwa bushi, yaani kipande cha mpira kinene chenye bomba la chuma katikati. Mpira huo ndio unaomeza mashimo ya barabara. Ukiwa mzima, gurudumu linakaa pale lilipowekwa. Ukichoka, gurudumu linaanza kutembea lenyewe, kidogo kidogo, na dereva anasikia mlio kama wa mlango mkavu, au nko, nko, kila akipita kwenye shimo. Bushi mpya haiingii kirahisi. Unaibana kwa taya za vaisi mpaka mishipa ya shingo inakutoka. Ukiipaka mawese inateleza na kuingia bila ugomvi. Na ile ya zamani inayolia, ukiidondoshea matone machache, inanyamaza siku hiyo hiyo.

Hazikuwa zinadumu sana. Miezi minane, mwaka. Na hizi za siku hizi, laini zaidi, miezi mitatu. Tulisema ni barabara. Kigoma kila kinachoharibika tunasema ni barabara.

Mwezi wa tatu mwaka huu mama yake Merina alifariki huko Kalinzi. Merina ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, na mke wangu, Leonia, ni katibu wake. Wanawake saba wa jumuiya, yeye na Leonia wakiwamo, waliamua kupanda kwenda msibani siku ya Alhamisi, walale siku mbili, warudi Jumamosi. Walikodi gari la Thobias, lenye siti nane, ambalo nililifunga bushi mpya mwezi wa kwanza.

Asubuhi ile Leonia alisimama barazani na khanga yake ya msiba mkononi.

"Baba Happiness, hili gari ni zima? Kalinzi ni milima."

"Nimelifunga kwa mikono hii. Pande zote mbili. Sikiliza mwenyewe."

Thobias aliwasha, akatoka taratibu kwenye uchochoro wetu, ambao una mawe na mtaro katikati. Gari lilishuka kwenye mtaro na kupanda upande wa pili bila sauti yoyote. Wanawake walipiga makofi. Leonia alikuwa bado amesimama karibu nami.

"Limenyamaza mno," alisema. "Linanitisha kidogo."

Nilimcheka. Nilimwambia hakuna mwanamke wa Kigoma aliyewahi kulalamika kwa sababu gari halipigi kelele. Akapanda.

Siku ya Jumamosi, kama saa nne asubuhi, Heritier alikuja gereji. Heritier ni mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo yeye akiwa mgongoni. Ana gari dogo jeupe lenye harufu ya dagaa isiyotoka hata ukiliosha kwa sabuni ya unga. Mimi nilikuwa nimelala chini ya gari lingine, nikaona viatu vyake tu.

"Fundi Kimya! Bado unaishi huko chini?"

"Naishi. Za Kibirizi? Bushi zinalia tena?"

"Zingelia ningekuja na furaha. Hazilii hata kidogo, ndugu yangu. Lakini nikikanyaga breki, gari linataka kwenda kwa mke wangu wa kwanza."

"Anakaa wapi?"

"Kushoto."

Tulicheka wote wawili. Niliinua gari lake kwa jeki, nikachukua mtaimbo, nikauchomeka nyuma ya mkono wa gurudumu la kushoto na kuusukuma kidogo, kama ninavyofanya kila siku. Mkono wa chuma ulirudi nyuma vidole vitatu. Haukugonga wala kukwaruza. Chuma kilisogea ndani ya mpira kama mwiko ndani ya uji, halafu nilipoachia kikarudi polepole mahali pake.

Nikaacha kucheka.

Nilifungua nati, nikautoa mkono ule na kuuweka juu ya gunia. Mpira ulikuwa umevimba na kung'aa. Nilibonyeza kwa dole gumba, dole likazama, na lilipotoka lilikuwa jeusi. Nililinusa. Lilinuka kama jikoni kwangu.

"Imekufa?" Heritier aliuliza.

"Miezi miwili," nilisema. "Nilikufungia mwezi wa kwanza."

"Barabara hizi."

Ndivyo nilivyotaka kusema mimi. Lakini nilikwenda upande wa kulia, nikatoa mkono wa pili, nikauweka kando ya ule wa kwanza. Bushi yake ilikuwa kavu, ngumu kama kisigino cha kiatu kipya. Nilibonyeza, haikubonyea. Ilikuwa ya boksi lile lile, imefungwa siku ile ile, na imepita katika mashimo yale yale. Nilichuchumaa nikizitazama kwa muda mrefu.

"Hii ya kulia nilifunga mimi?" niliuliza.

"Nani mwingine? Umesahau? Ulipofika kulia chupa yako ilikuwa imekwisha. Uligeuza juu chini, ukaipiga matako kama mtoto. Halafu ukachukua kipande cha sabuni ya kufulia pale kwenye karai, ukapaka na maji. Nikakuambia, fundi, leo unaoga gari."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata jinsi nilivyoona aibu kufunga kazi kwa sabuni, na nilivyoomba moyoni upande ule usije ukaharibika haraka.

"Ngoja," Heritier alisema. Aliinama ndani ya gari akapekua dashibodi. Alitoa stakabadhi za ushuru, kadi ya kliniki ya mtoto, kopi ya cheti, na mwisho boksi la bushi lililopondeka. "Sisi tuliotoka ng'ambo hatutupi karatasi. Siku yoyote mtu anaweza kukuuliza." Akakunjua karatasi iliyokuwa ndani yake.

Karatasi ile niliijua. Kila boksi lina karatasi kama hiyo, mimi huwashia jiko. Ina maandishi madogo ya kigeni, na chini ina picha: kopo la mafuta lenye mdomo mrefu, na juu yake mistari miwili imekatiza. Miaka yote nilidhani ile ni nembo ya kiwanda.

Heritier, aliyefundishwa Kifaransa na wazazi wake, aliifuata mistari ya maandishi kwa kidole. "Wamekataza, fundi. Wanasema mafuta ya aina yoyote yanaula mpira. Wanasema maji na sabuni." Akanitazama. "Hukujua?"

Ile sabuni yenyewe ni ya mawese, inapikwa pale Ujiji kwa magadi. Mti ni ule ule mmoja, nami kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa nimeshika upande unaoua.

Heritier aliendelea kusema, lakini sikumsikia tena. Nilikuwa nahesabu wiki. Gari lake nililifunga Jumanne. Gari la Thobias nililifunga Jumatatu ya wiki hiyo hiyo, chupa ikiwa imejaa, pande zote mbili. Na wiki mbili baadaye Thobias alirudi akisema kuna kijisauti kidogo upande wa kushoto. Sikufungua. Nilimjazia mawese kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi nikamwambia adondoshee kila wiki. Thobias ni mtu mtiifu. Kila Jumapili baada ya misa nilimwona uani kwa kanisa, amelala chini ya gari lake na suruali safi, anadondoshea.

Nikampigia. Simu ilisema hapatikani. Nikampigia Leonia, ikaita mara nyingi, akapokea. Nyuma yake nilisikia wanawake wakiimba na mtu akipaza sauti, "Huo mkungu weka mbele, mbele!"

"Tunapakia," Leonia alisema. "Wametupa ndizi, na maharage gunia mbili, na parachichi, we acha tu. Huku mvua imeshuka. Mko salama?"

"Mpe Thobias simu."

"Kuna nini?"

"Mpe tu, mama."

Thobias alikuja na sauti ya furaha. "Shikamoo, fundi! Gari lako kimya kabisa. Wazee wa huku wananiuliza, hili linatumia umeme?"

"Marahaba. Thobias, nisikilize vizuri. Usiliondoe hilo gari. Bushi zimekwisha."

"Mbona halilii?"

"Ndiyo maana halilii."

Alicheka kwa adabu, kama kijana anavyomcheka mtu mzima. "Fundi, umelionaje kutoka Mwanga? Au umeota?"

"Nimefungua gari jingine lenye bushi kama zako."

"Kwani ulikosea kuzifunga?"

Hapo ndipo. Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake lilikuwa neno moja. Heritier alikuwa amesimama mbele yangu na karatasi mkononi. Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi, wananisikiliza. Nilifungua mdomo na neno lililotoka halikuwa lile.

"Hapana," nilisema. "Bushi zenyewe zilikuwa feki."

"Aa," Thobias alisema, na nilisikia wasiwasi ukimtoka. "Kama ni feki tu, fundi, usijali. Feki ndizo tunazoishi nazo. Nitashuka polepole, Jumatatu nakuletea unibadilishie. Kazi yako naiamini."

"Thobias, kuna maharage juu, kuna watu saba..."

Simu ilikatika. Nilipiga tena, nikapiga ya Leonia, nikapiga ya Merina. Mvua ya Kalinzi ikianza, mtandao hukimbia kwanza.

Kama ningesema, "Nilikosea, mimi mwenyewe nimeioza mipira yako," angeogopa. Mtu haogopi kitu feki. Anaogopa fundi anayesema amekosea, kwa sababu hajawahi kumsikia.

Mbele ya gereji alikuwapo Samson, mwendesha bodaboda. Nilichukua mtaimbo na jeki ndogo, nikapanda nyuma yake.

"Wapi, mzee?"

"Barabara ya Kalinzi. Mpaka tukutane nao."

"Kina nani?"

"Endesha, mwanangu."

Tulipita Mwandiga jua likiwa bado linawaka, lakini mbele yetu milima ilikuwa imefunikwa na wingu la rangi ya mkaa, na tulipoanza kupanda lami ilikuwa imelowa. Nilianza rozari kwa vidole, nikapotea kwenye tendo la pili, nikaanza tena, nikapotea tena. Mwisho nikabaki na neno moja tu: wazuie, wazuie. Sikuwa na haki ya kuomba zaidi ya hapo. Nilikuwa nimepewa nafasi ya kuwazuia mimi mwenyewe, kwa simu, nikaitumia kulinda jina langu.

Nilijua litakalotokea. Kwenda polepole hakusaidii sana. Mteremko mrefu unahitaji breki, na breki inapokamata, gurudumu linavutwa nyuma, na kinacholizuia lisirudi ni bushi. Bushi iliyooza inalegea kila breki inapokanyagwa. Siku moja breki inakanyagwa kwa nguvu, mpira unachanika wote kwa mara moja, na gurudumu linageuka upande linaotaka lenyewe. Dereva anakuwa ameshika usukani usio na kazi.

Samson alipunguza mwendo kwenye kona moja baada ya nyingine. Kila gari lililokuwa likishuka nililisikia kabla ya kuliona: lori la mkaa likikoroma, pikapu ya viazi ikigongagonga kama sufuria. Kila niliposikia mlio nilipumua. Yale yanayolia hayakuwa yangu.

Tulifika kwenye mteremko mrefu ulionyooka. Upande mmoja kuna ukuta wa udongo mwekundu uliokatwa na tingatinga, upande mwingine kuna bonde, na chini kabisa bondeni yanaonekana mabati ya nyumba, madogo kama vifuniko vya soda. Juu zaidi barabara inapinda, na pale kwenye kona pande zinabadilishana, bonde linakuwa kushoto kwa anayeshuka. Nilimwambia Samson asimame.

"Mbona hapa?"

"Nasikiliza."

Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Sikusikia chochote. Nilikuwa karibu kumwambia twende, ndipo nilipoliona. Lilikuwa limeshatoka kwenye kona, liko ndani ya mteremko, mikungu ya ndizi juu ya keria ikitikisika, na lilikuwa halitoi sauti. Lilikuja kama kitu kinachotazamwa kupitia dirisha. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limelala ndani kwa chini, kama mguu wa mtu aliyeteguka.

Nilikimbia katikati ya barabara, nikainua mikono yote miwili, na mtaimbo ukiwa mkono wa kulia. Nilipaza sauti, "Simama! Simama!"

Nilimwona Thobias akinitambua. Niliona macho yake yakipanuka. Na palepale, mikono yangu ikiwa bado juu, nilielewa nilichokuwa nafanya. Nilikuwa namwambia akanyage breki.

"Usikanyage!" nilipiga kelele. "Gia! Tumia gia!"

Alikuwa ameshakanyaga.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu anachana kitambaa kizito. Gurudumu lilirudi nyuma hadi kwenye bati, gari likainama pua, likageuka kushoto lenyewe, Thobias akizungusha usukani kwenda kulia bure. Mkungu mmoja ulikatika kamba ukaruka mbele. Gari lilipita hatua chache kutoka niliposimama, likaingia kwenye mtaro na kujikita kwenye ukuta wa udongo mwekundu. Udongo uliporomoka ukafunika boneti. Gunia la maharage lilipasuka, na kwa muda sauti pekee iliyokuwapo barabarani ilikuwa ya maharage yakimwagika juu ya bati.

Kisha wanawake wakaanza kulia. Sijawahi kusikia kilio kizuri namna ile. Nilihesabu sauti.

Tuliwatoa kupitia mlango wa nyuma. Merina mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko, alikuwa akiushika na kumwita tu Mungu wake kwa Kiha, "Mana yanje, mana yanje." Leonia alikuwa amepasuka juu ya jicho na damu ilikuwa imeingia kwenye khanga. Nilimfunga kwa shati langu. Wengine walikuwa na michubuko na magoti yaliyogonga. Thobias alikaa chini barabarani, mikono yake bado imeshika usukani ambao haukuwapo.

Samson alipanda kwa miguu mpaka kwenye kona ya juu. Alirudi taratibu. "Mzee," alisema, "kama ingekuwa pale juu, hatua thelathini tu, kushoto ni hewa tupu."

Thobias alinyanyuka akaenda kuchungulia gurudumu. Aliporudi uso wake ulikuwa na heshima ambayo iliniumiza.

"Mama zangu," alisema, "huyu mtu alinipigia simu. Alinionya. Aliniambia bushi ni feki, nisiondoke. Mimi ndiye sikumsikia. Na bado amepanda mpaka huku na pikipiki kutuzuia."

Mama mmoja alinishika mkono akaubusu. Mwingine akasema, "Mungu amemtuma Ignas." Leonia, damu ikiwa bado inamtiririka shavuni, alinitazama kwa jicho moja na nikaona anajivunia mume wake. Akaanza wimbo wa shukrani kwa sauti ya chini, na wenzake wakaupokea, hata Merina na mkono wake. Walisimama kwenye mtaro, wamelowa, miguu yao ndani ya maharage, wakaimba kumshukuru Mungu kwa ajili yangu.

Niliwaacha waimbe ubeti mmoja. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli. Ubeti mzima nilisimama nikaupokea.

Kwenye ubeti wa pili nilisema, "Acheni."

Hawakusikia.

"Acheni! Bushi hazikuwa feki. Zilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeziua, kwa mawese. Thobias, kile kichupa nilichokupa ndicho kilichoua. Na asubuhi uliniuliza kama nilikosea, nikakudanganya, kwa sababu watu walikuwa wananisikiliza."

Wimbo ulikufa sauti moja moja. Thobias aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kichupa cha dawa ya kikohozi chenye mawese nusu, akakitazama, akakiweka chini barabarani kwa uangalifu sana, kana kwamba kitalipuka.

"Juzi," alisema, "kabla ya kuanza safari, niliongeza. Ili nisiwasumbue akina mama kwa kelele."

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Leonia alikuwa ndiye wa kwanza kusema, na hakuuliza nilichotarajia.

"Baba Happiness," alisema, "magari mengine ni mangapi?"

Nilitaka kumjibu. Nilianza kuhesabu mwaka huu, nikafika arobaini, halafu nikakumbuka mwaka jana, na wa kabla yake, na wale niliowafundisha mimi, kila mmoja nimempa chupa yake. Nilikaa chini kwenye ukingo wa lami.

Lori la mkaa lilitushusha hadi hospitali. Merina aliwekewa plasta. Leonia alishonwa nyuzi sita. Jumapili padri alisoma tangazo langu baada ya misa, kama nilivyoliandika, na Ijumaa nilikwenda Ujiji nikamwomba imamu wa msikiti ulio karibu na nyumba ya marehemu Mzee Selestini, naye akalisema baada ya swala. Tangazo lilikuwa fupi. Kila gari lililofungwa bushi na Ignas wa Mwanga lirudi, asiliendeshe mtu kwenye mteremko, na asisubiri lilie.

Wamekuja kumi na saba. Heritier ananisaidia kuwapigia wengine, anakaa kwenye benchi na simu mbili, na kila anayepokea anamwambia, "Hapana, ndugu, halina mlio, ndiyo ugonjwa wenyewe." Wengine wanamkatia simu. Nimegundua kwamba wanaokuja ni wale ambao hawakunipenda sana tangu mwanzo. Wanaoniamini hawaji. Wanasema Fundi Kimya amekuwa mnyenyekevu kupita kiasi, ni mambo ya kanisani.

Leonia bado ananipikia, tunasali pamoja jioni kama zamani. Ila sasa akimaliza huongeza ombi moja, bila kunitazama, kwa ajili ya walio barabarani.

Mimi nafunga bushi kwa sabuni. Zinaingia kwa shida, zinanichosha mabega. Kati ya kazi moja na nyingine natoka nasimama kando ya barabara ya Ujiji na kusikiliza. Magari yanayogonga na kulia nayaacha yapite. Jana alasiri lilipita gari la kijani, limejaa watoto wenye sare za shule, likaruka tuta la pale sokoni na kushuka upande wa pili bila sauti hata ndogo. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limelala ndani kidogo.

Nilikimbia. Dereva aliniona kwenye kioo, akanitambua, akatoa mkono dirishani na dole gumba juu.

"Fundi Kimya!" alipaza sauti. "Mpaka leo halijalia!"

Akakanyaga mafuta kuelekea kwenye mteremko. Nilikimbia nyuma yake nikipunga mkono, na watoto wa siti ya nyuma wakadhani nawaaga, wakanipungia.